Safu ya E: tyubu mbili zilivyobadilishana majina na programu ilivyotuonyesha

Mzee wa miaka 61, mwanaume, mgonjwa wa TB, halafu kwenye damu yake kuna protini ya kondo la nyuma. Ndo hivo ripoti ilivyotoka siku ya kwanza nilipoiendesha programu yetu mpya, mistari 148 na mmoja wao mwekundu: sampo 01E3, jinsia ME, PSG1, ndo hiyo protini ya kondo, imeonekana. Nikajua nimekosea sehemu kwenye skripti. Nikaendesha tena, ikatoka vile vile. Nikashuka chini kwenye ile karatasi nikakuta mwekundu wa pili, sampo 10E2, mwanamke, rejista inasema mjamzito wa miezi saba, na yeye PSG1 hana kabisa. Hapo nikaacha kuangalia skripti nikaanza kuangalia friza.

Nieleze kwanza tulipo. Ni maabara ya utafiti hapa Mbeya, tunafuatilia wagonjwa wa TB kuanzia siku wanayoanza dawa mpaka wanapomaliza, wengine wanatoka mjini, wengine Rungwe, wengine Kyela kule bondeni. Kila mgonjwa anatolewa damu, inazungushwa, plazima inagawanywa kwenye tyubu ndogo ndogo zinaingia friza ya nyuzi -80. Swali la utafiti ni kama kuna protini kwenye plazima zinazoweza kutuambia mapema nani dawa inamfanyia kazi na nani hapana, kabla ya kusubiri miezi. Mashine yenyewe ya kusoma protini, ile masi spektromita, sisi hatuna, kwa hiyo sampo zinapakiwa kwenye barafu kavu zinashuka Dar zinapanda ndege kwenda kwa wenzetu Ulaya, na majibu yanarudi kwa intaneti. Kazi yangu mimi ni data. Sishiki damu, nashika majedwali.

Na kwenye protiomiki, yani kusoma protini nyingi kwa mpigo, majedwali ni mengi kuliko watu wanavyofikiri. Ukishakata protini kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata baada ya lisini na ajinini, unapata vipande vingi sana vya peptidi, mashine inavipima uzito kimoja kimoja, kila sampo inatoa faili lake ghafi ambalo mara nyingi linavuka GB moja, halafu programu kama MaxQuant inakaa na hayo mafaili yote, inalinganisha na orodha ya protini zote za binadamu kutoka UniProt, na mwisho inakutolea faili linaitwa proteinGroups.txt. Hilo faili ndo watu wengi wanalolijua. Kila mstari ni protini au kundi la protini, na kila sampo ina safu yake yenye jina la sampo, mfano "LFQ intensity", yani kiasi cha protini kilichopimwa, halafu jina. Shika hapo kwenye jina la sampo, ndo kisa chote kilipo.

Kabla ya programu, ripoti tulikuwa tunatengeneza kwa mkono. Faili likifika, dada wa maabara anayesaidia upande wa data analifungua kwenye Excel, anachuja mistari inayoanza na REV__, hizo ni protini za uongo zilizopinduliwa makusudi ili programu ipime kiwango chake cha kukosea, kawaida watu wanakubali asilimia 1, afu anachuja CON__, uchafu, keratini za ngozi na nywele za sisi wenyewe tulioshika sampo, albumini ya ng'ombe na mengine, anafuta, ananakili kinachobaki kwenye faili lingine, anaunganisha na rejista ya wagonjwa, anapeleka jedwali kwenye Word. Siku nne. Akimaliza Dokta anasema tuondoe na sampo zilizovunjika chembe nyekundu, anaanza upya. Nimeshawahi kukaa pembeni yake nikamwangalia akifanya, na naomba niliseme hili kwa heshima zote, yule dada ni makini kuliko mtu yeyote ninayefanya naye kazi, hakuna alichokuwa anakosea. Tatizo lilikuwa kwamba kazi ilipita kwenye vidole vyake mara nyingi mno na hakuna alama yoyote inayobaki. Ukimuuliza baada ya mwezi kwanini protini fulani haipo kwenye jedwali, jibu lipo kichwani kwake tu, labda limeshafutika.

Sasa turudi kwenye safu ya E. Kiboksi cha tyubu kwenye friza kina nafasi 81, tisa kwa tisa, safu zina herufi A mpaka I na nafasi zina namba 1 mpaka 9. Miaka ya nyuma mtu aliamua namba ya sampo iwe anwani yake kwenye friza, kiboksi cha kwanza safu ya E nafasi ya tatu inakuwa 01E3. Ni akili nzuri tu, fupi, inaandikika kwenye lebo ndogo, ukiisoma unajua uende wapi. Viboksi vilikuwa 12. Lebo zilichapwa na zilikuwa sahihi, kila tyubu ilikuwa na namba yake sahihi mpaka inaingia kwenye barafu kavu.

Orodha iliyosafiri na tyubu ndo haikuwa sahihi. Orodha ilikuwa CSV, jedwali la maandishi matupu, ikafunguliwa kwenye Excel ili kuongeza safu moja ya tarehe, ikasevu, ikatumwa. Na Excel ikiona tarakimu, halafu herufi E, halafu tarakimu, inaelewa ni namba ya kisayansi. 01E3 kwake ni 1 mara 10 kipeo cha 3, yani 1000, inaandika 1.00E+03. 03E5 inakuwa 3.00E+05. 11E4 inakuwa 1.10E+05. Safu zingine zote, A, B, C, D, F mpaka I, haziguswi. E tu. Ndo maana hakuna aliyeona, ukishuka kwenye orodha ya watu 148 unaona namba nzuri nzuri, katikati kuna kitu cha ajabu kimoja, unapita.

Katika sampo zetu 148, 17 zilikuwa za safu ya E. Kati ya hizo, 15 unaweza kuzirudisha bila wasiwasi, ukiona 3.00E+05 unajua ni kiboksi cha 3 nafasi ya 5, hakuna kiboksi cha 30. Ila sasa chukua 01E3 na 10E2. Ya kwanza 1 mara 1000. Ya pili 10 mara 100. Zote mbili ni 1000! Zote mbili kwenye orodha zikasomeka 1.00E+03, watu wawili tofauti, jina moja. Kiboksi cha 1 na kiboksi cha 10 zinagongana hivo kwenye nafasi nane, 01E2 na 10E1, 01E3 na 10E2, mpaka 01E9 na 10E8, sisi bahati ilikuwa jozi moja tu ndo iliyochaguliwa kwenda.

Mwenzetu wa Ulaya akapokea orodha, akaona majina mawili yanafanana, akafanya ambalo mtu yeyote mwenye haraka angefanya, akaongeza _a na _b ili mashine isigome. Kwa hiyo kwenye proteinGroups.txt zikarudi safu mbili, "LFQ intensity 1.00E+03_a" na "LFQ intensity 1.00E+03_b". Huku kwetu wakati wa kuunganisha na rejista, a ikapewa 01E3 na b ikapewa 10E2, kwa sababu 01 inatangulia 10. Inaingia akilini kabisa. Na ilikuwa kinyume.

Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule tulikuwa tumeshakaa na jedwali miezi miwili na PZP ilikuwa imepanda kwenye orodha ya protini zinazotofautisha kundi moja la wanaume na lingine. PZP ni protini ambayo kwa wanawake ipo juu kuliko wanaume na kwenye ujauzito inapanda sana. Dokta mwenyewe alishasema inamshangaza kuiona pale, ila kwenye utafiti kinachoshangaza ndo mara nyingine kinakuwa ugunduzi, kwa hiyo ikaachwa. Tulikuwa tumeanza hadi kuandika muhtasari wa kupeleka kwenye mkutano. Nikifikiria hilo mpaka leo silali vizuri, kwa sababu mtu angeweza kuisoma, akatumia hela na damu za wagonjwa wengine kuifuatilia.

Programu yenyewe haikuanzishwa kwa ajili ya kutafuta kosa. Ilianza kwa sababu zile siku nne zilikuwa zinatuchosha. Nilichofanya ni kuchukua vitu vya bure vilivyopo: databesi ndogo ya SQLite kwenye kompyuta moja, Snakemake ya kupanga hatua zifuatane, skripti za Python za kusafisha, na Quarto ya kutoa ripoti mwisho. Faili la MaxQuant likiingia upande mmoja, upande wa pili inatoka PDF. Inachuja zilizopinduliwa na uchafu kwa kusoma safu zilizowekewa alama ya +, badala ya jicho la mtu, na kwenye ukurasa wa kwanza inaandika imeondoa ngapi na kwanini, toleo gani la MaxQuant, orodha ya UniProt ya tarehe gani, kiwango cha makosa kilichowekwa. Kwanza nilitaka kuishia hapo.

Ila nilikuwa nimesoma kazi za watu wa protiomiki ya plazima kuhusu kuangalia ubora wa sampo kwa kutumia protini zenyewe. Himoglobini na kaboniki anhidrasi zikiwa juu sana ujue chembe nyekundu zilivunjika wakati wa kutoa damu au tyubu ilikaa sana kabla ya kuzungushwa. Fibrinojeni ikiwa imepotea, labda hiyo sio plazima, ni siramu, damu iliganda. Vyote hivo vimo tayari ndani ya jedwali, hulipi chochote kuviuliza. Nikaweka. Halafu nikaongeza swali moja la mwisho, je jinsia na ujauzito kwenye rejista vinakubaliana na protini? PSG1 inafaa kwa hilo kuliko PZP kwa sababu inatengenezwa na kondo la nyuma, mwanaume hutarajii kabisa kuikuta kwake. Mistari kama kumi na tano ya skripti. Sikutegemea ingetoa kitu, niliweka kwa sababu ilikuwa rahisi.

Na hapa ndo ninachotaka mtu anayefanya kazi hizi akae nacho. Sisi binadamu wote watatu, mimi, dada na Dokta, tulikuwa na uwezo wa kugundua. Taarifa zilikuwa mbele yetu, jinsia kwenye rejista, PSG1 kwenye mstari wake, majina ya ajabu yenye _a na _b. Lakini swali lile hakuna anayeliuliza kwa sampo 148 kila mara jedwali linapobadilika, unachoka, una kazi zingine, na unamwamini aliyekutangulia. Programu haimwamini mtu na haichoki, inauliza swali lile lile la kijinga mara ya kwanza na mara ya hamsini. Watu wakisifia otomatiki wanasema inaokoa muda, kweli inaokoa, ripoti yetu sa hivi ni dakika arobaini badala ya siku nne, ila kama ingekuwa inachukua siku nne zile zile bado ningeitaka.

Kuthibitisha tulimwandikia mwenzetu Ulaya apige picha tyubu zilizobaki na plazima na atutumie mpangilio wa sahani ya visima. Jumatatu asubuhi picha ikaingia, ilikuwa ule mwezi wa saba ambao hapa Mbeya unanawa maji mikono inakufa ganzi, tukaikuza kwenye skrini mimi na dada. Tyubu mbili kwenye kiganja cha glavu ya bluu, lebo zina ukungu wa barafu, moja imefutwa kidogo kwa kidole ionekane. 10E2. Na pembeni yake kwa kalamu, nafasi ya kisima ilikotoka, na ukilinganisha na sahani ni ile iliyoitwa _a. Dada akasema, "Kaka, kwa hiyo huyu mama ndo yule mzee." Tukakaa kimya kidogo.

Hatukufungua faili tukabadilisha majina. Hilo nililikataa kabisa na nashukuru Dokta alikubali, maana kurekebisha moja kwa moja ni kuficha. Tuliweka jedwali dogo la masahihisho ndani ya databesi, mstari mmoja unasema jina hili lisomeke hili, nani amesema, tarehe gani, ushahidi ni picha ipi. Faili la asili lipo vile vile lilivyofika, na alama yake ya SHA-256 imehifadhiwa, ikiguswa hata herufi moja programu inagoma. Tukaendesha upya, PZP ikashuka kutoka kwenye orodha. Protini za uvimbe kama CRP na SAA1 zikabaki palepale, ambalo kwa TB ndo unalolitegemea. Muhtasari haukwenda mwaka ule.

Kuna mambo mengine programu ilitufundisha yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na kwetu unakatika, Snakemake inaacha kufuli kwenye foleda, ukirudi inakataa kuanza mpaka uifungue kwa --unlock, na yale mafaili yaliyoishia njiani unaiambia iyarudie kwa --rerun-incomplete. Mara ya kwanza nilikasirika nikaona usumbufu. Baadaye nikaelewa kwamba faili lililoandikwa nusu halafu likaonekana zima ni hatari ileile ya 1.00E+03, kitu kinachofanana na sahihi.

Kuhusu Excel yenyewe, watu wa jenetiki waliumia kabla yetu. Makala ya kwanza iliyoonya kwamba majina ya jeni yanageuzwa tarehe ilitoka 2004, na hawa wa jeni za SEPT na MARCH ilifika mahali mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ikabadilisha majina yenyewe, SEPT2 ikawa SEPTIN2, MARCH1 ikawa MARCHF1, yani ilionekana rahisi kubadilisha majina ya jeni kuliko kubadilisha tabia za watu. Mwaka 2023 Microsoft wakaweka sehemu ya kuzima ubadilishaji huo, na mojawapo ni hiyo ya tarakimu zenye E katikati. Ni vizuri, kazime leo. Ila inakaa kwenye kompyuta moja moja, ukituma faili kwa mtu wa Iringa au Dodoma ambaye hajazima, umerudi palepale, kwa hiyo sisi hatuitegemei. Na pia sikumkataza mtu Excel, ukikataza watafungua kwa siri. Programu inatoa faili la xlsx ambalo safu ya namba za sampo imeshawekwa kuwa maandishi, Dokta anafungua, anapaka rangi anavyotaka, lakini hakuna njia ya kutoka kwenye faili hilo kurudi kwenye databesi. Namba ya sampo inaingia kwa skana tu.

Na namba zenyewe tulibadilisha. Sasa ni B01-E3, herufi mbele na kistari katikati, Excel inaiona ni maandishi inaiacha. Orodha ya kwenda Ulaya inatolewa na programu, ikiona jina linajirudia haitoi orodha, inaandika jina lililojirudia na kusimama. Tukamwomba na mwenzetu kitu kimoja, akikuta majina mawili yanafanana asiongeze herufi, atupigie.

Kuna watu wamenishauri tununue mfumo mkubwa wa kusimamia maabara, wenye leseni ya kila mwaka. Kwa maabara yenye mashine yake inayofanya kazi usiku na mchana naweza kuelewa, na hata wenye mashine wapo wanaotumia programu za Skyline na Panorama za watu wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, ni bure, kufuatilia mashine yao siku hadi siku. Kwa sisi tunaotuma sampo na kupokea majedwali, kilichokosekana hakikuwa hela. Ilikosekana sheria kwamba kati ya tyubu na ripoti jina la sampo lisiandikwe tena na mtu.

Kitu kinachonisumbua bado ni hiki. Tulibahatika kwamba mmoja alikuwa mzee na mwingine mama mjamzito. Wangekuwa wanaume wawili wa umri mmoja, mmoja dawa inamsaidia na mwingine haimsaidii, PSG1 isingesema lolote, himoglobini isingesema lolote, ripoti ingetoka nyeupe yote na tungeendelea. Ukaguzi wa kibaiolojia unakamata baadhi tu ya waliopotea.

Ndo maana tumerudi kwenye utafiti uliotangulia, ule wa viboksi vingine, ambao ulitumia namba za mtindo ule ule na orodha yake pia ilipita kwenye Excel. Kila Ijumaa mchana, kazi za wiki zikipungua, dada anavaa glavu nene anatoa kiboksi kimoja kwenye barafu, anasoma safu ya E peke yake, tyubu tisa, mimi nipo upande wa pili wa meza na orodha ya zamani. Anasoma kwa sauti, mimi naweka alama. Hatuchelewi, dakika tatu kiboksi kinarudi. Tumefika cha sita. Jozi moja tayari ina maswali, na barua kwa wenzetu imeshaenda.